Aliyelala Chini ya Shamba Letu

Nyambura,

Mmeenda mjini na mamako kusukwa nywele, nami nimebaki hapa veranda na ng'ombe wawili wa kuangalia. Hii ndiyo nafasi niliyopata. Kesho asubuhi nyumba itajaa shangazi zako, mchungaji ataomba mpaka chai ipoe, na unajua mimi nikiwa katikati ya watu huwa sina maneno.

Mambo ya sweta, ya dawa ya kifua, ya kutokubali kumbebea mtu usiyemjua mzigo, mamako ameyasema na atayarudia mpaka mlangoni mwa uwanja wa ndege. Mimi sitayagusa.

Unaenda Misri kusoma habari za watu waliojenga miji ya kwanza. Kila anayeuliza jinsi mtoto wa mkulima wa viazi huku Mbaruk alivyoingia kwa mambo ya watu wa kale, wewe unamjibu hivi: tulipata bakuli la jiwe shambani kwetu nikiwa darasa la nne. Nimekusikia ukisema hivyo kanisani, na nikakusikia ukisema hivyo kwa simu wakati ule wa mahojiano, umefunga mlango na mimi nimesimama nje nikijifanya natengeneza bawaba. Ni kweli ulivyosema. Lakini wewe uliona bakuli tu. Siku zile tulikuwa tumekupeleka kwa shangazi yako Naivasha. Uliporudi ulikuta mambo yametulia, na yule dada wa makumbusho akakupa bakuli ulishike, ukalishika kama mtu amekupa mtoto. Yaliyotangulia hukuyaona. Hatukuwahi kukusimulia vizuri, kwanza kwa sababu ulikuwa mdogo, halafu kwa sababu mwenyewe wa hadithi yuko hai na anaishi ng'ambo ya ua.

Gogo Rael, bibi jirani unayemjua wewe, ni yule anayecheka mpaka anajishika mbavu, anayekuita "mwalimu" tangu ulipoanza kusoma. Sisi tulimjua kabla hajajifunza tena kucheka. Alikuwa na mtoto anaitwa Kiprotich. Wewe humkumbuki. Alikuwa kijana mrefu, mwenye haya, na kila asubuhi alipitia nyumba za huku akikusanya maziwa na kuyapeleka barabarani kwa baiskeli. Yetu yalikuwa humo. Wewe ukisikia kengele ya ile baiskeli ulikuwa unatoka mbio mpaka langoni hata kama hujavaa kitu, na yeye anageuza uso upande mwingine akicheka.

Ile wiki ya vita vya baada ya uchaguzi, barabara ilipofungwa kwa mawe na matairi, Kiprotich alitoka na mitungi ya maziwa kama kawaida. Mamake alimwambia ng'ombe hajui kuna uchaguzi, lakini maziwa yanaweza kumwagwa, abaki. Yeye akasema atafika tu barabarani na kurudi. Hakurudi. Baiskeli haikuonekana, mitungi haikuonekana. Jioni hiyohiyo sisi tulikimbilia Nakuru, tukalala chini ya turubai na watu wengine waliokimbia kama sisi. Waliofunga barabara upande ule walikuwa vijana wa lugha yetu. Waliochoma ghala letu walikuwa vijana wa lugha yake. Hivyo ndivyo majirani tulivyoachana, bila sisi wenyewe kugombana hata neno moja.

Tuliporudi shambani tulisalimiana. Zilikuwa salamu za barabarani, za kuangalia viatu. Yeye alikuwa amezunguka mochari na vituo vya polisi mpaka askari wakamjua kwa jina. Kila akisikia kuna mifupa imeonekana msituni au mtoni, alikuwa anafunga leso yake na kwenda. Anaenda Molo, anaenda Naivasha, anarudi. Ukimwona anashuka kwa gari pale stendi ulijua kutokana na mabega yake kwamba hata mara hii si Kiprotich. Na sisi hatukuuliza. Tungeuliza kwa mdomo upi?

Halafu ikaja ile miaka mvua ilikataa. Nikaamua kuchimba tanki ya chini ya ardhi pale nyuma ya jikoni, nikamwita Wafula, fundi wa mashimo, yule aliyekuwa akiimba akiwa chini mpaka unasikia kama ardhi ndiyo inaimba. Siku moja wimbo ukanyamaza. Nikadhani anapumzika. Kisha nikaona kichwa chake kimetokea ukingoni, uso wote ni vumbi.

"Mzee, kuja uone."

"Umepata mwamba?"

"Hapana. Kuna mtu."

Nilishuka kwa ngazi. Fuvu lilikuwa limelala kwa ubavu, limejaa udongo, na meno yalikuwa mazuri kuliko yangu. Mifupa ya mkono ilikuwa imekunjwa karibu na uso, vile ulikuwa unalala ukiwa mdogo. Nyambura, wewe leo ukiona kitu kama hicho kitu cha kwanza unachofikiria ni miaka. Mimi sikufikiria watu wa kale. Nilifikiria Kiprotich. Na kabla sijamaliza kumfikiria, nikafikiria kwamba shamba hili ni langu.

Wafula alielewa. Alikuwa amekaa huku muda wa kutosha. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Boss, nikifukia saa hii hakuna mtu atajua. Tunachimba ingine kule juu." Aliyasema kwa huruma, usimfikirie vibaya. Alikuwa anafikiria watoto wangu.

Nilipoinua macho nilimwona mamako amesimama ukingoni, mikono ina unga. Alikuwa ameona. Hakupiga kelele. Alitazama chini, kisha akasema, "Mama Kiprotich ajue kutoka kwetu. Ajue kabla ya chifu."

"Watasema ni sisi."

"Watasema. Lakini yeye ndiye amekuwa akitafuta."

Tukanawa mikono, tukaenda. Ni mwendo mfupi, wewe unaukimbia ukitumwa chumvi, lakini mimi siku hiyo niliuona mrefu. Njiani nilikuwa napanga maneno, nianze na habari za mvua, niingie polepole. Tukamkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, anaambua maharagwe, maganda yamemzunguka miguuni. Alipotuona wote wawili tukiingia langoni, mahali ambapo hatukuwa tumeingia tangu vita, mikono yake ikasimama. Na mimi maneno yote ya mvua yakatoka kichwani.

"Mama Kiprotich," nikasema, "tumechimba tukapata mifupa ya mtu. Hatujui ni nani. Hatujaigusa. Tumekuja kwako kwanza."

"Kwa shamba lako?"

"Kwa shamba langu."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa namna hiyo tena, na nilijua nikiinamisha macho nimekwisha, basi nikamwachia uso wangu ausome. Akamwaga maharagwe ya mapajani ndani ya karai, taratibu, bila kudondosha hata moja, akasema, "Ngojeni nichukue leso."

Kabla ya saa sita habari zilikuwa zimefika kila mahali. Chifu alikuja, polisi wakaja, wakafunga shimo kwa utepe. Vijana wakajaa langoni, wa kwao na wa kwetu, wamesimama vikundi viwili na nafasi katikati. Kibet, mtoto wa ndugu yake Gogo, alinijia karibu mpaka nikasikia pumzi yake.

"Mzee, sisi si watoto. Tuambie tu ukweli, yaishe."

"Ukweli ndio huo uko chini," nikamjibu. "Mimi sina mwingine."

"Mtu anazikwaje nyuma ya jikoni yako na wewe hujui?"

Hapo Gogo, mamake mkubwa, alizungumza bila kugeuka, akiwa amekaa ukingoni. "Kibet, toka hapo. Hakuna mtu hapa amemtafuta kuliko mimi. Mkipigana leo mtanifukia na yeye tena."

Kibet alirudi langoni, lakini hakuondoka, na wale wetu pia hawakuondoka. Askari mmoja mzee alisema haoni kifungo, haoni zipu, haoni hata buckle ya mshipi, na kwamba jambo hili limngoje mtu wa kusoma mifupa. Wakapiga simu Nairobi. Ndipo tukakupeleka Naivasha wewe na nguo zako mbili tatu, tukikwambia shangazi amekumiss.

Hao watu wa Nairobi walikawia. Na muda huo wote Gogo alikuja kila asubuhi akishamaliza kukamua, akakaa pale ukingoni mpaka wakati wa kukamua tena. Nilimpelekea kiti, akakataa, akatandika gunia. Mamako naye akaleta gunia lake. Hawakuwa wakiongea sana. Walichambua mboga, walishona, siku nyingine walikaa tu. Ndugu zangu walinipigia simu wakiniambia nihamishe familia mjini mpaka mambo yajulikane. Nilikuwa nawaelewa. Lakini nilikuwa nawaangalia wale wanawake wawili na nikaona kwamba maadam wamekaa pale pamoja, hakuna kijana wa upande wowote angerusha jiwe. Mimi nilikuwa nimezoea kuamini kwamba shida huondolewa na mtu anayesimama na kusema. Ile wiki nilijifunza kuna shida zinaondolewa na mtu anayekaa.

Siku moja nikiwaletea chai nilimsikia Gogo akimwambia mamako kitu ambacho sijakisahau. Alisema, "Kiprotich alivunjika jino la mbele kwa baiskeli. Wewe unalikumbuka lile pengo?"

"Nalikumbuka, mama."

"Huyu meno yake yote yako. Nimeona tangu siku ya kwanza. Lakini nimekuwa nikijiambia labda nimesahau. Labda ni jino la nyuma lilivunjika."

Alikuwa anajua, Nyambura. Alikaa pale siku zote hizo akijua, kwa sababu kuondoka kulikuwa kumpoteza tena.

Yule dada wa makumbusho aliyekuja anaitwa Mwende, wewe mwenyewe unamkumbuka, mwembamba, sauti ya upole, kofia kubwa kuliko kichwa. Kabla hajafungua hata mkoba wake aliuliza ni nani yule mama amekaa. Tulipomweleza, alienda akachuchumaa mbele yake, akamsalimia, akamwambia, "Nitakuwa naongea nikifanya kazi. Kila nitakachoona nitakwambia wewe kwanza." Na hivyo ndivyo alivyofanya. Alikuwa akiupangusa udongo kwa brashi ndogo huku akisema kwa sauti, na Gogo anaitikia kama watu wanaosimuliana habari za jirani.

Alisema ni mwanamke. Akaonyesha nyonga, akaeleza kwa nini. Alisema alikuwa mtu mzima, mwenye watoto huenda, aliyefanya kazi ya kusaga maana magoti na mabega yake yalionyesha. Kisha karibu na kichwa likatokea lile bakuli, na karibu nalo jiwe la kusagia, na vipande vya lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, lile linalopatikana kule Eburru, vimechongwa vikali kama wembe. Na shanga chache shingoni. Mwende aliacha brashi. Akasema mama huyu alizikwa miaka elfu kadhaa iliyopita. Walikuwa watu wa ng'ombe na mbuzi, akasema, na wafugaji wa kwanza wa bonde hili walishuka polepole kutoka kaskazini, kizazi baada ya kizazi, wakifuata majani. Hawakuwa na chuma. Na kabla yao kulikuwa na wengine wawindaji, na kabla ya hao wengine waliochonga yale mawe makubwa ya Kariandusi ambayo huonyeshwa watoto wa shule, tangu kabla watu hawajawa watu kama sisi.

Kule langoni vijana walikuwa wanasikiliza. Kibet akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli, "Kwa hivyo ni wa kina nani? Wetu ama wao?"

Mwende alifikiri. "Haya majina tunayoitana leo hayakuwa yamezaliwa," akasema. "Akifufuka hapa, hakuna mmoja wetu ataelewa salamu yake."

Mtu mmoja alicheka kidogo, akaacha. Nikaona wazee wa pande zote mbili wakiangalia chini, kila mmoja anaangalia ardhi ambayo amekuwa akisema ni ya babu yake. Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa Gogo.

Alisema, "Basi wangu yuko wapi?"

Hakumwuliza Mwende. Hakuuliza mtu. Na hakuna aliyejaribu kumjibu, namshukuru Mungu kwa hilo, maana hata mchungaji alikuwapo.

Kisha akauliza jingine. "Huyu, aliyemweka hapa alimpenda?"

Nimewahi kufikiri kwamba mtu aliyesoma sana angesema mifupa haiwezi kujibu swali kama hilo. Mwende alimwita ashuke. Tukamshika mkono, mimi na Kibet, mmoja kila upande wa ngazi. Akamwonyesha. "Angalia, mama. Magoti yamekunjwa. Mkono umewekwa chini ya shavu. Mtu akitupwa hakai hivi. Hapa kuna watu walishuka shimoni na yeye, wakamlaza. Bakuli halijavunjika, na kulichonga ni kazi ya siku nyingi. Wangeweza kubaki nalo."

Ndipo Gogo akalia. Mamako ananiambia ndiyo mara ya kwanza alilia mbele ya watu tangu Kiprotich apotee. Alivua leso akamfunika yule mama wa kale, na Mwende hakumzuia. Alikaa kando, kofia mkononi, akangoja. Kazi ya siku hiyo iliishia hapo.

Tanki tulichimba mahali pengine, kama ujuavyo. Mifupa na bakuli vilienda Nairobi. Miezi ilipita, kisha Gogo akatutumia ujumbe kwamba atafanya maombi ya kumuaga Kiprotich, bila mwili. Watu wa kwake walikuwa wamempinga, kwamba humuagi mtu ambaye huenda yuko hai. Yeye akawaambia amechoka kumwacha nje. Alisema kama kuna mtu alimlaza mtoto wake vizuri mahali, Mungu anamjua mtu huyo, na kama hakuna, basi yeye atamlaza kwa maneno. Tulienda. Niliogopa, sikufichi. Tulipofika, Kibet alitoka, akaangalia ni wapi tungekaa, akaniletea kiti akakiweka mbele, karibu na familia. Tangu siku hiyo tumetembeleana, na wewe umekua ukidhani imekuwa hivyo siku zote.

Kiprotich hajapatikana mpaka leo.

Sasa nikwambie kwa nini nimeandika yote haya. Mwezi uliopita mezani tulibishana. Ulisema ustaarabu ulianza kwa miji, maandishi na kodi, na mimi nikasema na huyu wa kwetu je, ambaye hakuwa na mji? Ukaniambia, "Baba, hiyo ni jamii, si ustaarabu." Nimelifikiria jambo hilo nikikamua. Sitaki kushindana na vitabu vyako. Nadhani kweli kuna kitu kipya kilianza kule, watu walipojaa mahali pamoja mpaka hujui tena majina ya unaowapita. Ukoo kuzika mtu wake kwa upendo ni jambo kubwa, lakini ni la zamani sana, na hata sisi hatukulisahau. Kilichotushinda ile wiki ya vita ni kile kingine. Ni kulala karibu na mtu asiye wa damu yako, asiye wa lugha yako, na kuamka kesho mkagawana maziwa. Hao wa kwanza waliojenga miji lazima waligombana hivi hivi. Lazima kulikuwa na mama aliyezunguka kutafuta mtoto. Ukisoma kuhusu kuta zao na wafalme wao, nitafutie hao wengine. Niambie walifanyaje kuishi tena. Ningependa kujua, na kuna watu huku wangependa kujua.

Ombi la pili ni dogo. Siku moja utakuwa wewe mwenye brashi, uko shimoni kwa watu usiojua lugha yao, na juu yako ukingoni kutakuwa na mtu amekaa tu, hasemi kitu. Usimwone kama mtu wa kupita. Wewe hujui amekuja kumtafuta nani. Panda ngazi, umsalimie, umwulize ni nani wake.

Ninasikia mamako anacheka kule chini barabarani, mmefika. Naacha hapa, niende nifungue lango.

Babako anayekupenda.